Diski za marehemu baba hazisomeki: je, zimekufa?

Swali kutoka kwa msomaji wa Tanga:

Shikamoo Mwalimu. Marehemu baba alituachia kasha la diski: CD-RW nyingi, DVD+RW kadhaa, na diski ndogo tatu za sentimita 8 zilizotoka kwenye kamera ya video. Aliziandika kati ya mwaka 2000 na 2006, mwanzoni kwa kompyuta ya Windows 98 na baadaye XP. Humo mna picha za ukoo, barua zake na kumbukumbu za chama cha ushirika alichokuwa katibu wake. Nimenunua draivu ya nje ya USB. Kompyuta mpakato yangu ya Windows 11 inasema baadhi ni tupu na inataka nizifomati. MacBook ya mdogo wangu inazitema. Binamu yetu mwenye Ubuntu, aina ya Linux, anaona majina ya mafaili katika chache, lakini akinakili inakwama. Deki ya DVD ya sebuleni ndiyo imekataa zote. Je, zimekufa? Nizitupe?

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufiwa na mzee. Usitupe hata moja. Ila kabla hujaendelea kusoma, shika hili: Windows ikikuuliza kama ufomati diski, kataa, kisha itoe. Diski za RW zimetengenezwa zifutike, kwa hiyo draivu yako, kama ni ya kuchoma, inaweza kweli kuondoa kila kitu kwa kubofya mara moja. Kompyuta inaposema diski ni tupu, inachokuarifu ni kwamba haikupata kitu inachokielewa. Kwa dalili ulizozitaja, naona matatizo ya aina tofauti yamekutana katika kasha moja, na kila moja lina njia yake.

Nianze na mwanga, maana ndio unaoieleza deki ya sebuleni. CD ya muziki ya dukani ina tabaka la alumini lenye vishimo vilivyogandamizwa kiwandani, na hurudisha karibu asilimia 70 ya mwanga wa leza. CD-RW haina vishimo vya data. Ina aloi, mara nyingi ya fedha, indiamu, antimoni na teluriamu, ambayo leza huiyeyusha nukta kwa nukta. Nukta ikipoa ghafla hubaki bila mpangilio wa fuwele na hufifia. Ikipashwa moto wa chini kidogo ya ule, fuwele hujipanga tena na nukta hung'aa. Ndiyo sababu inaandikika upya mara elfu moja hivi. Tatizo ni kwamba hata pale inapong'aa, hurudisha asilimia 15 hadi 25 tu. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla CD-RW haijaingia sokoni mwaka 1997 hazikuwa na uwezo wa kukuza mwanga hafifu kiasi hicho, na zikiwekewa diski hiyo huandika kwamba hakuna kitu. Mwaka huohuo chama cha watengenezaji kiitwacho OSTA kilitoa kanuni ya MultiRead, iliyotaka draivu zote mpya ziweze kuisoma CD-RW. Ukikuta neno hilo limechapwa usoni mwa draivu kuukuu, ujue ni ya kuaminika kwa kazi yako.

DVD+RW ina mkasa wake. Mwanga wake unaorudi ni asilimia 18 hadi 30, na hicho ndicho kiwango kilekile cha DVD ya filamu yenye tabaka mbili. Deki za zamani zikiona mwanga huo hudhani zimepewa diski ya tabaka mbili, hutafuta tabaka la pili ambalo halipo, mwisho hugoma. Isitoshe, deki ya sebuleni hutafuta folda ya filamu inayoitwa VIDEO_TS, na barua za mzee hazimo katika folda hiyo. Achana nayo kabisa, haikuambii lolote kuhusu uzima wa diski hizi.

Draivu yako ya USB nayo ichunguze kabla hujailaumu diski. Ndani ya draivu ya DVD mna leza mbili: moja ya nanomita 650 kwa DVD, nyingine ya nanomita 780 kwa CD. Moja inaweza kuchoka na nyingine ikabaki nzima, ukaona draivu inasoma DVD zote na kukataa kila CD. Weka CD halisi ya muziki, kisha DVD halisi ya filamu. Zote mbili zikisomeka, angalia umeme: draivu hizi nyembamba hunyonya umeme kutoka kwenye tundu la USB, na zinapohangaika na diski hafifu huhitaji mwingi zaidi. Ukisikia zinagonga-gonga, zinazunguka, zinanyamaza, zinaanza upya, tumia waya wenye vichwa viwili vya USB au habu yenye adapta yake ya umeme. Nimeona diski nyingi zilizohukumiwa kuwa mbovu zikafunguka baada ya hatua hiyo tu.

Sasa tuje kwenye kiini. Enzi zile kulikuwa na namna mbili za kuandika CD-RW, na mzee huenda alizitumia zote.

Ya kwanza ni kuchoma: unakusanya mafaili, programu inaandika yote kwa mkupuo, inafunga. Mafaili hupangwa kwa mfumo wa ISO 9660, uliowekwa mwaka 1988, ambao Windows, Mac na Linux zote huujua. Katika daraja lake la chini kabisa mfumo huo unaruhusu majina ya herufi nane na nyongeza ya herufi tatu, kwa herufi kubwa. Microsoft waliongeza Joliet, inayofikisha herufi 64. Kwa hiyo binamu yako akikuta faili linaitwa HARUSI_1.JPG, mzee hakuliita hivyo. Jina refu lilikatwa wakati wa kuchoma, na picha yenyewe haina neno.

Diski ya namna hii ikifunguka huku mafaili unayoyajua yakikosekana, shuku sesheni. Mzee alichoma leo, mwezi ujao akaongeza, na programu haikuiunganisha sesheni mpya na ya awali. Kompyuta huonyesha ya mwisho tu. Kwenye Ubuntu sesheni ya kwanza hufunguliwa hivi:

sudo mount -t iso9660 -o ro,session=0 /dev/sr0 /mnt

Namna ya pili ndiyo inayokusumbua. Programu kama DirectCD ya Adaptec na InCD ya Nero ziliifanya CD-RW itumike kama disketi: unaburuta faili, unalidondosha, unalifuta, unaandika jingine juu yake. Kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa, na katibu wa chama anayeongeza mahesabu kila wiki angeipenda sana njia hii. Ili iwezekane, diski hukatwa katika paketi za sekta 32 (sekta ni kipande kidogo cha data), jumla kilobaiti 64, na kati ya paketi na paketi huachwa sekta 7 za kuungia. Ni kama daftari la duka ambalo kila baada ya mistari 32 mistari 7 huachwa bila hesabu. Fanya hesabu na wewe: diski iliyochapwa MB 650 hubakiwa na MB 533 hivi. Hicho ndicho kipimo changu cha haraka. Ukiona CD-RW ya MB 650 inajitambulisha kuwa na MB 530 na kitu, au ya MB 700 kuwa na 570 na kitu, jua iliandikwa kwa paketi.

Draivu inayoifahamu kanuni hiyo huziruka sekta za kuungia inapohesabu. Isiyoifahamu huzihesabu pamoja na nyingine, na kuanzia paketi ya pili kila anwani inakuwa imeteleza. Mfumo unaomba orodha ya mafaili kutoka sekta fulani, unaletewa takataka, unahitimisha kwamba diski ni tupu. Hitimisho hilo ndilo linaloweza kuwa limekutokea.

Juu ya paketi hizo mafaili hupangwa kwa mfumo uitwao UDF, na UDF ina matoleo. DirectCD na wenzake walitumia sana toleo la 1.50, ambalo lina jedwali la akiba: paketi ikiharibika, data yake huhamishiwa mahali pengine na jedwali hutunza anwani mpya. Windows 98 ilijua 1.02 tu, ndiyo maana ilihitaji programu ya nyongeza hata kusoma diski iliyoandikwa kwa Windows 98 nyingine. Windows 2000 ilifika 1.50, XP ikasoma hadi 2.01, Vista ikafika 2.50. Upande wa Mac, toleo la 10.5 la mwaka 2007 ndilo lililopanua uwezo huo kwelikweli. Linux inasoma 1.50 tangu zamani, na 2.50 tangu mwaka 2008.

Utaona kwamba kwa maandishi kompyuta zenu zote tatu zinastahili kuzifungua. Kwa nini basi zinatofautiana? Mara nyingi ni kwa sababu diski haikufungwa vizuri. Programu zile zilikuwa zinaweka mabadiliko ya orodha ya mafaili kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuyamalizia kwenye diski pale inapotolewa kwa utaratibu. Umeme ukikatika kabla ya hapo, na sote tunajua ulivyokuwa unakatika, diski hubaki na alama kwamba kazi haijakamilika. Mfumo mmoja huona alama hiyo na kukubali kusoma kilichopo. Mwingine hukataa kugusa. Data zenyewe, isipokuwa zile za dakika za mwisho, zimo mahali pake.

Zipo pia diski zilizofomatiwa kwa Mount Rainier, mpango uliokuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao draivu zake zilibandikwa nembo ya EasyWrite. Humo draivu yenyewe ndiyo inayosimamia sekta mbovu, na maeneo ya akiba yametawanywa katikati ya data. Ukiiweka kwenye draivu isiyoujua mpango huo, unachokiona ni eneo dogo la mwanzoni, pengine likiwa na vifaili viwili vitatu vya programu ya kusomea. Ukikuta diski ya MB 500 inakuonyesha vifaili hivyo tu, usidhani baba alifuta. Tafuta draivu yenye nembo hiyo.

Kwa wasomaji wengine wenye kasha la aina hii lililotoka kwenye Mac za miaka ya 1990, niseme kwa ufupi: diski zenu huenda ni za mfumo wa HFS wa zamani, ambao Apple waliuondoa kuanzia macOS Catalina ya mwaka 2019. Mac ya kabla ya hapo au Linux itazisoma.

Tuje kwenye zile diski ndogo tatu. Kwanza, usiziingize kabisa kwenye kompyuta yenye mpenyo wa kunyonya diski, zitakwama ndani. Zinahitaji draivu yenye trei, katika ule mduara mdogo wa katikati, au draivu nyembamba ambayo diski hubanwa kwenye kitovu. Kamera zile ziliandika GB 1.4 kwa upande mmoja, kama nusu saa ya video ya ubora wa kawaida, na kila diski ilitakiwa ikamilishwe ndani ya kamera kabla ya kuchezwa kwingine. Watu wengi hawakuifanya hatua hiyo. Diski isiyokamilishwa haina orodha ya mwisho, na Windows huitangaza kuwa tupu huku harusi nzima imo ndani. Jaribu kuifungua kwa programu ya IsoBuster kwenye Windows, ambayo hupekua diski bila kuitegemea Windows yenyewe. Sehemu yake ya UDF hulipiwa, lakini kuangalia kilichomo ni bure. Ukikuta folda ya DVD_RTAV yenye faili la VR_MOVIE.VRO, umepata. Linakili, lifungue kwa VLC. Programu ikishindwa, na kamera bado ipo nyumbani, icheze diski humohumo kwenye kamera. Ikicheza, ichomeke kamera kwenye umeme wa ukutani, siku ambayo umeme umetulia, kisha ukamilishe kwa menyu yake. Hatua hiyo inaandika kwenye diski, ndiyo maana nimeiweka mwisho.

Kazi yenyewe ningeifanya kwenye Ubuntu ya binamu yako. Windows na Mac zinapendeza zaidi kwa macho, lakini hapa tunahitaji mfumo utakaosoma tu na kutueleza ulipokwama.

Anza kwa kuitazama diski kwenye mwanga. Watu huogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa, kumbe kwa CD hatari kubwa iko upande wa lebo: data zimelala juu kabisa ya plastiki ya milimita 1.2, zikikingwa na rangi ya vanishi tu. Mkwaruzo wa upande huo ukipitisha mwanga, sehemu hiyo imekwenda. DVD ina nafuu, data zake ziko katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6. Kama mzee alibandika karatasi juu ya CD, usiibandue, itaondoka na tabaka la data. Futa vumbi kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kutoka kitovuni kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kamwe usizungushe.

Kisha usinakili faili mojamoja. Hapo ndipo binamu anapokwama: akifika kwenye sekta mbovu mfumo hurudia-rudia na kila kitu kinasimama. Chukua nakala ya diski nzima kwa ddrescue, ambayo huruka penye shida, huchota kwanza kilicho rahisi, halafu hurudi. Kwenye Ubuntu kifurushi chake kinaitwa gddrescue:

sudo apt install gddrescue

sudo ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 baba01.iso baba01.map

sudo ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 baba01.iso baba01.map

Amri ya pili inapita haraka, ya tatu inarudia mara tatu palipobaki. Faili la baba01.map ndilo hazina: linaandika kila sehemu iliyosomeka na isiyosomeka. Kwa hiyo unaweza kuhamisha diski kwenye draivu nyingine kabisa, ukaendesha amri ya tatu kwa majina yaleyale, na draivu hiyo itajaza mapengo tu. Draivu hazifanani. Moja inashindwa ukingoni, nyingine inashindwa kitovuni, na zikisaidiana mara nyingi unapata diski nzima. Nenda kwa mafundi wa kompyuta hapo mjini ukaulizie draivu za kompyuta za mezani zilizotolewa, zile pana, pamoja na kigeuzi cha SATA au IDE kwenda USB. Huwa wanazo zimerundikana. Chagua za kuchoma zenye maandishi ya RW, kwa kuwa draivu inayoweza kuandika aina fulani ya diski huwa pia inajua kuisoma.

Nakala ikishakamilika, diski irudi kashani, kazi iendelee kwenye nakala:

sudo mount -t udf -o ro,loop baba01.iso /mnt

Ikikataa, weka iso9660 mahali pa udf. Ikikataa zote mbili, fungua faili hilohilo kwa IsoBuster. Programu hiyo itatafuta mafaili kwa alama zake, na picha za JPG hupatikana hata orodha ikiwa imepotea, ingawa majina yatakuwa yamekwenda.

Kwa DVD+RW, kabla ya yote endesha dvd+rw-mediainfo /dev/sr0. Itakueleza ni diski ya aina gani na kama ilifungwa. Usishangae ikisema DVD-RW mahali ulipodhani ni DVD+RW. Zilikuwa kambi mbili zilizoshindana, ya kwanza ilitangulia mwaka 1999 na ya pili ikafika madukani mwaka 2001, na draivu za mwanzo za kambi moja hazikuandika diski za nyingine. Draivu yako ya leo inasoma zote.

Ukimaliza, weka nakala kwenye diski ngumu mbili, moja ikae kwa mdogo wako. Na kama ndugu wataomba picha kwenye DVD, wachomee DVD-R ya kuandikwa mara moja. Windows itakuuliza unataka kuitumiaje. Usichague ile ya kama flashi, maana ni UDF na itaanzisha upya matatizo haya. Chagua ile ya mashine za CD na DVD.

Anza na CD-RW tatu zinazoonekana safi zaidi, uone mkono unavyokwenda, kabla ya kugusa za kumbukumbu za chama. Zitakazogoma kwenye draivu mbili tofauti, niandikie kilichochapwa usoni mwake, ukubwa ambao Ubuntu inaripoti, na uniambatishie yale mafaili ya .map. Nikiona mapengo yako wapi nitajua kama tunapambana na mkwaruzo, anwani zilizoteleza, au diski ambayo mzee hakuwahi kuifunga.